Jenerali aliyetoka duka la rehani

Litajwapo Jeshi la Wokovu nchini Kenya, wengi wetu huwaza ngoma, tarumbeta na sare zilizopigwa pasi zikipita barabarani Jumapili asubuhi. Walimu nao huikumbuka Shule ya Vipofu ya Thika, ambayo Jeshi hilo liliianzisha mwaka 1946. Ni wachache mno wanaomwaza mwasisi wake, William Booth, kama mtu wa duka. Nami katika makala haya nimenuia kumsimulia kwa upande huo. Booth alifunzwa biashara kabla hajafunzwa kuhubiri. Aliuza supu, akauza viberiti, akauza vitu vikuukuu vya matajiri wa London, na akauacha ulimwengu na swali ambalo sisi wavaaji wa mitumba hatujalijibu hadi leo: mtu akitoa kitu bure na mwingine akakiuza, faida ni ya nani, na ni nani anayepaswa kuelezwa?

Booth alizaliwa tarehe 10 Aprili 1829 katika mtaa wa Sneinton, mjini Nottingham, Uingereza. Babake, Samuel, alikuwa na tamaa kubwa ya mali na bahati ndogo. Alitaka kujitajirisha kwa kujenga nyumba, akafilisika. Mwaka 1842, William akiwa na umri wa miaka 13, aliondolewa shuleni na kupelekwa kuwa mwanagenzi katika duka la rehani. Mwaka huo huo babake akafariki, na mjane na watoto wakabaki katika ufukara.

Neno rehani tumelipokea kutoka Kiarabu, na katika miji ya pwani yetu aghalabu lilihusu shamba, minazi au nyumba. Kule Nottingham ya wafuma nguo, kilichowekwa rehani kilikuwa koti la Jumapili, blanketi, pasi, au pete ya ndoa. Jumatatu mama wa nyumba huleta koti la mumewe, hupewa shilingi kadha, na hununua chakula cha juma. Jumamosi mume akilipwa ujira, koti hukombolewa ili livaliwe kanisani. Jumatatu inayofuata hurudi dukani. Sheria ya mwaka 1800 ilimruhusu mwenye duka kutoza nusu peni kwa mwezi kwa kila mkopo wa peni 30, yaani asilimia 20 kwa mwaka. Kwa maandishi, hicho si kiwango cha kumtisha mtu. Lakini hata mkopo wa siku chache ulitozwa ada ya mwezi mzima. Mwalimu wa hesabu na awape wanafunzi wake zoezi hili: anayelileta koti kila Jumatatu na kulikomboa kila Jumamosi hulipa ada ya mwezi mara 52 kwa mwaka, yaani peni 26 kwa mkopo ule ule wa peni 30. Asilimia 20 imegeuka kuwa karibu asilimia 87, na hapana sheria iliyovunjwa.

Kwa miaka sita Booth alisimama nyuma ya meza hiyo. Wasimulizi wengi wa maisha yake hukipita kipindi hiki haraka ili wafike kwenye mahubiri, wakitaja tu kwamba aliichukia kazi yenyewe. Mimi naona ndicho chuo chake kikuu. Alijifunza kwamba maskini si mtu asiye na pesa kabisa, bali ni mteja anayeuziwa kila kitu kwa bei ya juu kuliko tajiri kwa kuwa hununua kidogo kidogo na hukopa kwa muda mfupi. Alijifunza pia kwamba kitu kikuukuu kina thamani, mradi yupo anayejua kukipanga, kukisafisha na kukipeleka kwa anayekihitaji.

Uanagenzi ulipokwisha alikaa muda mrefu bila kazi, na mwaka 1849 akahamia London. Huko pia hakupata kazi ila ya duka la rehani. Aliyemtoa humo alikuwa mfanyabiashara mwingine, Edward Rabbits, mtengenezaji na muuzaji wa viatu, ambaye alimpenda kwa mahubiri yake na kujitolea kumlipa pauni moja kwa juma ili aache duka na kuhubiri. Kwa hiyo huduma ya Booth ilianzia kwenye faida ya viatu. Mwaka 1855 alimwoa Catherine Mumford, mwanamke aliyemzidi kwa usomi na pengine kwa ujasiri pia. Mwaka 1861 alijitenga na Wamethodisti wa tawi lake, mwaka 1865 akaanza kazi miongoni mwa maskini wa London Mashariki, na mwaka 1878 misheni yake ikachukua jina la Jeshi la Wokovu, yeye akiwa Jenerali.

Kabla hata ya jina hilo, alikuwa amekwisha kujaribu duka. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 misheni yake ilifungua maduka matano ya supu na chakula cha bei nafuu kwa ajili ya watu wa tabaka la chini. Hazikuwa sadaka. Mteja alilipa, ila alilipa kidogo. Mwanawe Bramwell, aliyekuwa angali kijana mdogo, alitiwa katika usimamizi. Maduka yalishindwa kujitegemea na kufikia mwaka 1874 yakawa yamefungwa. Baadhi ya waandishi hulihesabu jambo hili kuwa aibu ndogo isiyostahili kutajwa. Lakini lina funzo la biashara lililo wazi: bei ya huruma isiyofikia gharama ni sadaka iliyovaa nguo za duka, na sadaka ya namna hiyo hufa pale mfuko wa mtoaji unapokauka. Booth hakulisahau.

Mwaka 1890 ndio uliomfanya ajulikane duniani. Mwaka huo Henry Morton Stanley alitoa kitabu kuhusu safari yake ya kumtafuta Emin Pasha, safari iliyovuka misitu ya Kongo na kumalizikia Bagamoyo mwezi Desemba 1889, mizigo yake ikiwa imebebwa na wapagazi wengi wa Unguja. Stanley aliipa Afrika sifa ya giza totoro. Booth alilitwaa jina hilo na kulielekeza nyumbani kwake: akaandika juu ya Uingereza yenye giza totoro na njia ya kutokea humo. Mwanahabari W. T. Stead alimsaidia kuandika, wakati ambapo Catherine alikuwa kitandani akiuawa na saratani. Alifariki tarehe 4 Oktoba 1890, na kitabu kikatoka mwezi huo huo. Kama mtu wa lugha siwezi kulipita jambo hili bila kulisemea. Sitiari ile iliitukana Afrika, na Booth hakuikanusha. Lakini aliwalazimisha Waingereza kukiri kwamba giza walilolipeleka kwetu kwa maneno lilikuwa limejaa katika vichochoro vya mji wao mkuu.

Katika kitabu hicho alikadiria kwamba sehemu moja kwa kumi ya watu wa nchi yake, kiasi cha watu milioni tatu, walikuwa wamezama katika umaskini. Alidai wapewe angalau haki anayopewa farasi wa kukokota magari jijini London: aangukapo huinuliwa, na maadamu yu hai hupewa chakula, malazi na kazi. Aliomba pauni 100,000 za kuanzia, naye akazipata kwa muda mfupi. Lakini ndani ya mpango huo mlikuwamo kifungu ambacho ndicho kilichonivuta kuandika makala haya. Booth alipendekeza kuundwa kwa kikosi cha watu wasio na kazi, chenye sare na mikokoteni, kipite kwenye nyumba za wenye nafasi na kukusanya vyote vinavyotupwa: mabaki ya chakula, nguo kuukuu, viatu, chupa, karatasi, vyuma, vitambaa. Vifaavyo vitengenezwe na viuzwe. Visivyofaa viuzwe kwa viwanda kama malighafi. Jeshi lake lilifungua ghala la kuchambulia vitu hivyo huko Battersea, kando ya mto Thames. Mkono uliokuwa ukipokea koti la maskini Nottingham sasa ulikuwa ukipokea koti la tajiri London, ila mara hii bila riba.

Angalia ustadi wa hesabu yake. Bidhaa haikununuliwa, kwa kuwa ilitolewa bure. Mfanyakazi alilipwa kwanza kwa chakula na malazi. Mnunuzi alikuwa maskini aliyepata sufuria au suruali kwa bei ya chini. Ziada ilirudi kwenye mpango. Kila upande ulionekana kupata kitu. Mfumo huu ulivuka bahari hadi Marekani katika miaka ya 1890, na ni miongoni mwa mizizi ya maduka ya vitu vikuukuu yanayojulikana huko hadi leo.

Hata hivyo, jaribio lake la kibiashara ninalolistahi zaidi ni la viberiti. Wakati huo njiti nyingi zilitengenezwa kwa fosforasi nyeupe, iliyokuwa rahisi na yenye sumu. Mvuke wake uliwaozesha wafanyakazi mifupa ya taya hadi nyuso zao zikaharibika, na baadhi walikufa. Mwezi Julai 1888 wanawake na wasichana wa kiwanda cha Bryant & May huko Bow waligoma, na mgomo wao ukawa mashuhuri katika historia ya vyama vya wafanyakazi. Kampuni hiyo ilikuwa ikiwagawia wenye hisa gawio nono, na miongoni mwa wenye hisa walikuwamo makasisi. Booth hakutosheka kuilaani. Mwaka 1891 alifungua kiwanda chake mwenyewe Old Ford, papo hapo jirani. Alitumia fosforasi nyekundu isiyo na sumu ile. Aliwalipa wafanyakazi peni nne kwa kila grosi ya viberiti, mahali ambapo wengine walilipa takriban peni mbili na nusu. Kiwanda kilikuwa na mwanga na hewa safi, na wabunge na wanahabari waliletwa kukitazama.

Viberiti vyake viliitwa Lights in Darkest England na vilikuwa ghali kuliko vya wengine. Waumini walihimizwa kuviulizia madukani mara kwa mara hadi mwenye duka achoke na kuviagiza. Kwa muda vilinunuliwa. Kisha mnunuzi wa kawaida, ambaye alikuwa maskini pia, akarudia viberiti vya bei rahisi, na kufikia mwanzo wa karne ya 20 kiwanda kikawa kimekoma. Basi alishindwa? Kwa daftari la duka, ndiyo. Lakini Bryant & May wenyewe waliacha kutumia fosforasi nyeupe mwaka 1901, na sheria ya kuipiga marufuku ikapitishwa Uingereza mwaka 1908. Kampuni iliyokuwa ikidai kwamba jambo haliwezekani ilikuwa imeonyeshwa kwa miaka kadha, mtaa wa pili, kwamba linawezekana. Hotuba peke yake isingefika hapo.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki ya Booth haikamiliki bila kuyataja mashtaka yake. Mwanasayansi T. H. Huxley alimshambulia katika gazeti la The Times kuanzia Desemba 1890, akionya kwamba fedha nyingi mno zilikuwa zikiwekwa mikononi mwa mtu mmoja mwenye amri ya kijeshi. Hoja hiyo ilikuwa nzito, nami naona bado ni nzito kwa yeyote anayeongoza shirika la hisani kwa amri yake pekee. Mwaka 1892 kamati ya uchunguzi ilivikagua vitabu vya mpango na haikumpata Booth wala jamaa zake na hatia ya kujinufaisha. Ukaguzi ulimsafisha mfukoni, ila haukuligusa swali la Huxley.

Shtaka la pili lilitoka kwa watu ambao Booth angetarajia kuwa rafiki zake. Jeshi la Wokovu lilikuwa na karakana ya useremala katika barabara ya Hanbury, Whitechapel. Humo waliokosa kazi walifanya kazi wakilipwa malazi, chakula na visenti kidogo, na vitu walivyotengeneza viliingia sokoni. Kuanzia mwaka 1907 hivi chama cha maseremala kililalamika kwamba fundi anayelipwa kwa mkate huivunja bei ya fundi anayelipwa ujira wa chama. Jeshi lilijibu kwamba hawa hawakuwa mafundi kamili bali waliookolewa njiani. Mimi katika hili nipo upande wa maseremala. Booth aliyepandisha ujira wa wasichana wa viberiti alipaswa kuona kwamba karakana yake ilikuwa ikiushusha ujira wa wenzao wa randa na msumeno. Meza iliyotengenezwa kwa hisani haiandikwi sokoni kuwa ya hisani, na mnunuzi hutazama bei tu.

Booth alifariki tarehe 20 Agosti 1912, akiwa kipofu, na akazikwa katika makaburi ya Abney Park, London, kando ya mkewe. Wakati huo Jeshi lake lilikuwa na benki, bima ya maisha, karakana za sare na ala za muziki, na maelfu ya vitanda kwa wasio na makao. Miaka tisa baadaye, 1921, likaingia Kenya.

Mbegu aliyoipanda ilizaa matunda ya namna nyingine pia. Mwaka 1954 mjini San Francisco, Marekani, lilianzishwa duka la vitu vikuukuu ambalo baadaye lilikua kuwa kampuni ya Savers, inayojulikana pia kwa jina la Value Village. Kwa macho ya mpita njia, halina tofauti na duka la hisani: nguo zilizotundikwa, vyombo, vitabu, bei ndogo. Tofauti imo ndani ya daftari. Hii ni kampuni ya kutafuta faida. Mashirika ya hisani hupokea vitu kwa watoaji, nayo kampuni huwalipa mashirika hayo, hasa kwa kipimo cha uzito, na ziada ya mauzo ni ya wenye kampuni. Mwaka 2017 mwanasheria mkuu wa jimbo la Washington aliishtaki, akidai kwamba matangazo yake yaliwafanya wateja waamini kuwa kila wanachonunua kinachangia hisani. Mwaka 2023 mahakama ya juu ya jimbo hilo iliipa kampuni ushindi, ikizingatia uhuru wa kujieleza. Mwaka huo huo hisa zake zikaanza kuuzwa katika soko la hisa la New York.

Sioni haya kusema kwamba kampuni ya namna hiyo haina dhambi kwa kuwa tu inapata faida. Huajiri watu, hulipa kodi, huokoa nguo zisitupwe, na huyapa mashirika fedha ambazo huenda yasingezipata kwa kuhangaika na magunia. Rabbits naye alipata faida, na bila faida yake Booth asingetoka dukani. Tatizo linaanza pale mtoaji anapodhani koti lake linakwenda kwa maskini, kumbe linakwenda kwenye mizani. Kamati ya mwaka 1892 ilidai kuviona vitabu vya Booth. Leo ni watoaji wangapi wanaodai kuviona vitabu vya anayepokea magunia yao?

Swali hili linatuhusu sisi, kwa kuwa tumekaa kwenye mwisho wa mnyororo huo. Nguo ambazo hazikununuliwa katika maduka ya Ulaya na Marekani, ya hisani na ya faida, hufungwa marobota na kuuzwa ng'ambo. Sisi huziita mitumba, jina lenye maana ya furushi au mzigo uliofungwa, kwa hiyo Mkenya ameipa bidhaa jina la jinsi inavyosafiri. Jirani zetu wa Tanzania waliziita kafa Ulaya, kana kwamba kila shati lina marehemu wake. Hakuna jina hata moja kati ya hayo linalosema kwamba nguo ilitolewa kama zawadi na ikauzwa mara tatu au nne njiani. Lugha imeficha biashara, na wanafunzi wangu wengi hushangaa kusikia kwamba mwenye shati hakulipwa hata senti.

Soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, mitumba iliingia kwa wingi, na viwanda vyetu vya nguo, kama KICOMI cha Kisumu, vikadhoofika na vingine kufungwa. Mitumba haikuviua peke yake. Usimamizi mbaya ulichangia pakubwa. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki ziliazimia kuiondoa hatua kwa hatua kufikia 2019. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu nchini Marekani kikawasilisha malalamiko kwa serikali yao. Kenya ikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 ikanyimwa nafasi ya kuuza nguo zake Marekani bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Zawadi haiteteiwi kwa vitisho vya ushuru. Hiyo ilikuwa bidhaa, na wenye bidhaa walijua kuitetea.

Nao wanaoiuza huku kwetu, Gikomba, Kongowea au Kibuye, hawana chama chenye nguvu kama hicho. Mama anayenunua robota hulipa kwanza, akiwa ameambiwa tu aina ya nguo na daraja lake. Halifunguliwi kabla ya malipo. Likifunguliwa na kukutwa limejaa makoti ya theluji au suruali zilizotoboka, hakuna wa kumrudishia, na mkopo aliouchukua wa kulinunulia unaendelea kuhesabiwa riba.